Utamu wa Sikukuu si Sukari Pekee

Kamusi zetu zina neno ambalo wanafunzi wangu hulicheka kila ninapolitaja darasani. Neno lenyewe ni kitindamlo. Wao husema kwamba halina ladha, na kwamba hakuna Mswahili aliyewahi kumwambia mgeni wake "karibu kitindamlo". Huenda wana haki. Hata hivyo, mimi nalipenda neno hili kwa sababu limeundwa kwa kalibu ile ile iliyotupa neno kitindamimba, yaani mtoto wa mwisho kuzaliwa na mama. Kutinda ni kukata, ni kukomesha. Kwa hivyo, kitindamlo ni kile chakula, aghalabu kitamu, kijacho mwisho wa mlo na kuukomesha. Mtu akishakila hunawa mikono, akasukutua kinywa, na ulaji ukawa umekwisha.

Laiti tungaliitii maana ya neno hilo katika sikukuu zetu, nisingalikuwa na haja ya kuandika makala haya.

Siku ya tatu ya Idi-ul-Fitri ya mwaka 2023 nilikuwa nyumbani kwa shangazi yangu, Mji wa Kale, Mombasa. Kama ilivyo desturi, tangu watu walipotoka kuswali Idi siku ya kwanza, sinia halikuondoka sebuleni. Kulikuwa na kaimati zilizogaagaa katika shira, visheti, kashata za nazi, tambi za sukari, mkate wa sinia, na sahani ya halua iliyofunikwa kwa kawa. Watoto wa mtaa mzima waliingia na kutoka. Kila mmoja alichopoa kimoja, akaenda nyumba ya pili akachopoa kingine, kisha pesa za Idi alizopewa akazipeleka dukani kununulia peremende. Hakuna aliyewakataza. Nani awakataze watoto siku ya Idi?

Miongoni mwao alikuwemo mpwa wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 9. Alasiri hiyo alikuja ameshika shavu, hataki kula, hataki kucheza, machozi yanamlengalenga. Usiku hakulala, na nyumba nzima haikulala. Kesho yake tulimpeleka kwa daktari wa meno, naye akatuonyesha gego la chini lililotoboka hadi kwenye kiini. Likang'olewa. Tulipokuwa tukitoka, dada yangu alijaribu kumliwaza mwanawe: "Nyamaza mama, litaota jingine." Daktari akatikisa kichwa. Lile halikuwa jino la maziwa. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto afikapo umri wa miaka 6 hivi, huko nyuma ya meno ya maziwa, bila ya jino lolote kung'oka na kulipisha. Kwa kuwa hujipenyeza kimyakimya namna hiyo, wazazi wengi hudhani kuwa nalo ni la utotoni, na kwamba likioza hapana hasara kubwa. Likitoka halirudi. Wahenga walisema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo, na mtoto wa miaka 9 ndiyo kwanza anaanza kuishi na pengo lake.

Ni kweli kwamba gego lile halikuoza kwa siku tatu. Lilikuwa likioza kwa miaka, na Idi ililikuta limefika ukingoni. Lakini siku zile tatu zilinionyesha wazi, kana kwamba nimeangaliziwa kwa kioo cha kukuzia, namna tunavyowalisha watoto wetu.

Sisi ambao kazi yetu ni kuichunguza lugha tunajua kwamba lugha yaweza kumficha mkosaji. Kwa Kiswahili husemwa kwamba jino "limeliwa na mdudu". Si Waswahili peke yao waliodhani hivyo; watu wa Babeli ya kale nao waliamini kuwa kuna funza akaaye ndani ya jino na kulila. Kinywani mna vijidudu kweli, tena vingi mno, visivyoonekana kwa macho matupu, ila vijidudu hivyo havili jino. Vinakula sukari. Vikishaila hutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha madini ya gamba la jino, hasa kalsiamu na fosfeti. Kipimo cha asidi kinywani kikishuka chini ya 5.5, gamba huanza kupoteza madini yake. Mate ndiyo yanayokuja kuokoa. Huizimua asidi na kuyarudisha baadhi ya madini mahali pake, lakini kazi hiyo huchukua nusu saa, pengine saa nzima.

Sasa na tumrejelee yule mtoto wa Idi. Saa nne amekula kashata, saa nne na nusu peremende, saa tano kaimati, saa tano na nusu soda. Mate yake yataokoa lini? Kila yanapoanza kazi, sukari nyingine huingia. Meno ya mtoto huyo hushinda kutwa nzima yamelowa asidi, na hali si tofauti Krismasi huko Kakamega au Nyeri, ambako mahali pa kaimati hushikwa na keki, biskuti na chupa za soda. Soda nyingi za kawaida zina takriban gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa moja ya mililita 300 basi ina gramu 30 hivi, ilhali Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilipendekeza kwamba ingefaa mtu mzima asipitishe gramu 25 kwa siku nzima.

Kuna methali isemayo: chovyachovya humaliza buyu la asali. Walimu wa Kiswahili huifasiri kuwa onyo juu ya matumizi mabaya ya mali, na mimi mwenyewe nimewahi kuwapa wanafunzi alama kwa fasiri hiyo. Siku hizi naisoma kama somo la tiba ya meno. Tatizo kubwa si ukubwa wa buyu bali ni kule kuchovya.

Jambo hili lilithibitishwa kwa njia ambayo haipasi kusahauliwa. Kuanzia mwaka 1945, katika hospitali ya Vipeholm mjini Lund, Uswidi, watafiti waliwatumia wagonjwa wenye ulemavu wa akili, watu wasioweza kukubali wala kukataa, kuchunguza chanzo cha kuoza kwa meno. Baadhi yao walilishwa sukari pamoja na chakula. Wengine walipewa tofi zilizotengenezwa makusudi ziwe za kunata, tena wakapewa baina ya milo, mara nyingi kwa siku. Waliokula sukari pamoja na mlo meno yao hayakudhurika sana. Wale wa tofi yalioza vibaya. Ujuzi huu tumeupata kwa kuwadhulumu watu wanyonge, na mwalimu atakayeusimulia darasani hana budi kuisimulia dhuluma hiyo pia. Serikali ya Uswidi haikupiga marufuku peremende baada ya hapo. Watu walishauriwa kuwapa watoto peremende mara moja kwa juma, na hadi leo watoto wa huko hula peremende zao Jumamosi. Kwa maneno mengine, Waswidi waliamua kwamba wachovye mara moja.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye kitindamlo. Wakati wa mlo mate hububujika. Kitu kitamu kikiliwa papo hapo mwishoni, hukuta kinywa kimejiandaa kukipokea. Kikiliwa peke yake baada ya saa mbili, hukuta mate yamepungua. Sinia la Idi likiondolewa pamoja na vyombo vya chakula cha mchana, basi nusu ya kazi imekwisha, hata kabla hatujapunguza punje moja ya sukari.

Nusu ya pili ni hiyo sukari yenyewe. Niliposema nyumbani kwa Shangazi kwamba Idi inayofuata tupike vitamutamu visivyo na sukari, alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, kitu hakina sukari kisha kitakuwaje kitamu?"

Swali lake ni zuri kuliko alivyodhani, kwa maana jibu lake limo katika lugha yake mwenyewe. Sukari ni neno la kuja. Tumelipata kutoka Kiarabu, Waarabu walilipata kwa Waajemi, nao Waajemi walilipata Bara Hindi. Tamu, kwa upande mwingine, ni neno letu la Kibantu, na lilikuwamo vinywani mwa watu kabla ya jahazi lolote kuteremsha gunia la sukari katika mwambao huu. Lilimaanisha nini basi? Hebu tuangalie matumizi yanayosalia hadi leo. Maji ya kisima yasiyo na chumvi huitwa maji matamu, ingawa hayana hata chembe ya sukari. Mchuzi wa samaki uliokolea huitwa mtamu. Usingizi ni mtamu, na mazungumzo ni matamu. Tamu kwa Mswahili ni chochote kinachoupendeza mwili na kutouchukiza. Sukari imeliteka neno hili, hata tukaamini kwamba hizo mbili ni kitu kimoja.

Wanafunzi nao hawana nafuu. Nimesahihisha insha nyingi za sherehe katika maisha yangu, na katika kila moja hukuta mapochopocho ya kila aina, halafu keki, halafu soda. Ndizi mbivu haijawahi kualikwa katika karamu ya insha!

Kabla ya kuingia jikoni, sharti niseme neno juu ya hila moja ya maneno. Wapo wanaojisifu kuwa wamepika kitu "bila sukari" ilhali wametia asali, sukari guru, au tende zilizosagwa. Kijidudu cha kinywani hakisomi kamusi. Asali kwake ni sukari, guru ni sukari. Mwongozo ule wa mwaka 2015 unaihesabu asali pamoja na maji ya matunda yaliyokamuliwa kuwa ni sukari zile zile zinazopaswa kupunguzwa. Tende ni tunda lenye heshima kubwa, na sitathubutu kumwambia mtu asifungulie tende, lakini zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari, na tena hunata. Tende tatu za kufungulia, zikafuatwa na maji, si kitu. Mkate uliojazwa tende na kuliwa kutwa eti kwa sababu hauna sukari ni kujidanganya. Vivyo hivyo, maandishi ya pakiti yasemayo "haikuongezwa sukari" si sawa na "haina sukari", na hapo mwalimu yeyote anaweza kupata kipindi kizima cha ufahamu wa lugha.

Vipo pia vikoleza utamu visivyooza meno. Zailitoli hutengenezwa kutokana na miti au magunzi ya mahindi, na vijidudu vya meno haviwezi kuigeuza asidi. Katika miaka ya 1970, mjini Turku, Ufini, watafiti waliwapa watu zailitoli mahali pa sukari kwa muda wa miaka miwili, na meno yao yakaoza kidogo mno kuliko ya wale waliobaki na sukari. Sikatai kwamba ni kitu chema. Lakini bei yake si ya mwalimu, ukiizidisha huharisha, na mbwa wa nyumbani akiila yaweza kumuua. Stivia nayo haiozi meno. Mashaka yangu ni mengine: ukimpa mtoto kitu kilichokolezwa utamu ule ule mkali, hata kama si sukari, ulimi wake hubaki palepale, ukidai utamu huo huo kesho. Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani liliwashauri watu wasivitegemee vikoleza vya aina ya stivia kama njia ya kudhibiti uzito. Mimi ningependa tuufundishe ulimi upya.

Vyombo vya kuufundishia tunavyo. Iliki, mdalasini, kungumanga, vanila na zafarani havina sukari ya kutajika, lakini harufu yake huifanya pua iuambie ulimi kuwa kitu hiki ni kitamu. Tui la nazi lina utamu wake mpole. Chembe ya chumvi huuinua utamu huo, jambo ambalo wapishi wa pwani wamelijua tangu zamani. Korosho na nazi iliyokunwa ikakaangwa kavu hadi igeuke rangi huleta ladha ambayo sukari nyeupe haina kabisa.

Chukua kaimati. Sukari yake kubwa haimo ndani ya donge bali katika shira linalomwagiwa juu. Unga wa ngano, hamira, mtindi kidogo na iliki vyatosha kulifanya donge. Hamira haidai sukari ili iumuke, kwani hujipatia chakula katika unga wenyewe. Huchelewa tu, basi na iachwe muda zaidi. Zikishakaangwa, badala ya shira zimwagiwe tui la kwanza lililo zito, lililochemshwa kwa moto mdogo huku likikorogwa lisikatike, likatiwa iliki, kungumanga na ile chembe ya chumvi. Ni kweli kwamba unga nao una wanga, na vijidudu huula wanga. Lakini wanga haunati kama shira, na haufanyi asidi kwa kasi ya sukari tupu.

Tambi ni rahisi zaidi. Zikaangwe kwa samli hadi ziwe za hudhurungi, zipikwe kwa maziwa na mdalasini, kisha zinyunyiziwe korosho. Sukari ya maziwa haina ukali mkubwa kwa meno. Kwa ndugu zetu wa bara, boga lililopikwa kwa tui au kwa maziwa, au viazi vitamu, au ndizi mbivu zilizochomwa, ni vitindamlo kamili ambavyo vimekaa shambani vikingojea kualikwa. Vina sukari yake ya asili, nami sivitetei kuwa havina, lakini vinakuja pamoja na nyuzi na maji, na vinaliwa mara moja mezani.

Mkate wa sinia ulinishinda. Bila sukari hautoki ule wa Shangazi, na nimeacha kujaribu. Halua nayo siigusi. Humo sukari si kikolezo, ndiyo mwili wenyewe pamoja na wanga na samli, na halua isiyo na sukari ni jina lisilo na kitu. Wazee walikwisha kuipatia halua adabu yake: kipande kidogo, kisha kikombe cha kahawa tungu. (Wasomaji wa bara waseme chungu, sisi wa Kimvita tutabaki na tungu yetu.) Mtu hawezi kula halua nyingi na kahawa ile, na nadhani ndiyo maana vikawekwa pamoja.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja mahususi. Ni mazoea katika shule nyingi kumpa mtoto peremende anapojibu vizuri. Siku ya kufunga shule, peremende hutupwa hewani watoto wakazigombania. Mwalimu hufanya hivyo kwa mapenzi, na peremende ni rahisi kuliko kalamu. Lakini huyo ni mtoto yule yule mwenye gego la miaka 6 ambalo hakuna aliyemwambia kuwa ni la kudumu. Walimu wa sayansikimu wana jiko na wana wanafunzi. Wanaweza kuwapikisha kaimati za namna mbili na kuwaacha waonje na kuhukumu wenyewe. Mwalimu wa madarasa ya chini anaweza kuwaambia watoto wafungue vinywa na kuhesabu meno kutoka katikati. Kila upande, jino la sita ndilo hilo. Wakalioneshe nyumbani. Na mama akisema kwamba dawa ya jino ni kung'oa, mtoto awe na la kumjibu kwa adabu.

Idi-ul-Fitri ya mwaka 2024 Shangazi alikubali kujaribu, kwa masharti yake. Kaimati zilikuwa katika mabakuli mawili, moja la shira na moja la tui, na sinia lililetwa pamoja na chakula cha mchana, likaondolewa pamoja nacho. Wageni wawili watatu walionong'ona juu ya ubahili niliwasikia. Mpwa wangu, ambaye sasa hutafunia upande mmoja, alionja yote mawili bila ya kuambiwa na mtu. Sitawadanganya wasomaji: bakuli la shira lilimalizika kwanza. La tui lilifuata muda si mrefu, na Shangazi tangu siku hiyo ananiuliza kwa simu kama tui hilo halitafaa zaidi likitiwa mdalasini kuliko iliki.